Faili za Alimasi

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Habari za asubuhi zimesomwa. Malori yamekwama tena njia ya Fizi. Bei ya mihogo imepanda. Baadaye komunike, yaani matangazo ya vifo. Nimezisoma mimi na bado sijazoea. Ilikuwa kazi ya mwenzangu Alimasi, na watu wa hapa mjini Baraka wananiambia usoni kwamba ninasoma kama polisi anayesoma mashtaka. Wana haki.

Kompyuta ya studio imebadilishwa. Ile ya zamani iliuawa na virusi. Hii nayo imekwisha kutumika kwingine, ila inaendeshwa na Linux. Mkurugenzi anasema virusi haviingii humo. Neema, fundi wetu wa sauti, akajibu kwamba hata sauti haiingii. Tukacheka.

Mchana alikuja Mzee Wilondja kutoka Swima. Ni baba mdogo wa Alimasi. Alikataa chai, nikajua amekuja na jambo.

Jambo lenyewe. Alimasi alizama ziwani mwaka jana akitoka Kazimia na mtumbwi wa mota. Wenzake waliokotwa, wazima na wafu. Yeye hakuonekana. Ukoo unataka kuzika mgomba mahali pa mwili wake, kama wanavyomfanyia mtu ambaye maji hayakumrudisha. Mama yake amekataa. Anasema hazikwi mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Kwa sababu hiyo hata komunike yake haijasomwa. Alitangaza vifo vya Fizi nzima, na chake hakijatangazwa.

Wazee wameshauriana. Wanataka sauti yake. Wanamwita mama, ukoo wote umekaa, sauti inachezwa mbele yake. Wanaamini atalia, na akilia ataacha kungoja. "Mama asipolia anakauka," alisema Mzee. "Tayari ameanza."

Nikamwambia sauti ipo. Faili zote za Alimasi ziko kwenye diski ya nje, kabatini. Nilikubali haraka. Ni kazi ya dakika chache.


Jumanne, tarehe 4 mwezi wa sita

Si kazi ya dakika chache.

Diski inaonekana. Majina ya faili yanasomeka: komunike, salamu, mpira, soko. Alimasi alipanga vitu vyake vizuri kuliko sisi wote. Lakini alirekodi kwa programu ya kompyuta ya zamani, na faili zake zinaishia na WMA. Zile za simu yake zinaishia na AMR. Chache ni video za simu, 3GP.

Kichezeshi kilichokuja na Linux kinazikataa. Ya WMA inaleta maandishi kwamba kuna kitu kinakosekana cha kusomea aina hiyo ya faili. Ya AMR inafunguka, mstari unatembea, hakuna sauti. Ya video ni mbaya zaidi: picha inaonekana. Alimasi anafungua mdomo, anafunga, ananyoosha kidole kwa mtu aliye nyuma ya simu. Bubu.

Neema aliisogelea spika, akaigonga.

"Hii mashini iko bubu, ao sisi njo biziwi?"

Nikafungua MP3 ya kwaya kujaribu. Ikacheza vizuri kabisa. Nyimbo zote za MP3 zinacheza. Za Alimasi tu ndizo hazichezi. Nilikasirika. Nimekuwa mwandishi wa habari miaka mingi, nimeona mambo, na leo nimekasirikia faili.


Jumatano, tarehe 5 mwezi wa sita

Nimesoma kwenye simu. Linux haiji na visomeo vya faili hizi, mtu anaviongeza mwenyewe. Wengi wanashauri programu ya VLC, kwa sababu inabeba visomeo vyake ndani. Wengine wanasema mpv ni nyepesi zaidi. Wanabishana kurasa nzima kama watu wa timu za mpira.

Nilinunua mega za mtandao, nikaanza kushusha VLC kwa simu ili niihamishie kwenye kompyuta. Ikafika. Kompyuta ikasema inataka kifurushi kingine cha programu kwanza. Nikakishusha. Nacho kinataka kingine. Mtandao ukaanguka, mega zikaisha, na bado orodha ya madai ilikuwa ndefu.

Nilishuka ufukweni kutafuta habari ya samaki. Nikamkuta Mama Alimasi. Anakuja siku za soko kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Nilikuwa nimesikia, leo nimeona: mtumbwi ukiingia kutoka Kazimia, anaacha beseni na wateja, anasimama kwenye maji hadi magotini, anawatazama abiria mmoja mmoja wakishuka. Halafu anarudi kuuza. Hana aibu wala haraka. Wachuuzi wenzake wanamchungia beseni bila kuambiwa.

Akaniona.

"Asukulu, munanisahau ku redio?"

Nikasema hapana, mama.

"Alimasi anajua kuoga mu maji tangu mudogo. Mutu wa vile hazamake. Iko fasi moja, njia ya kurudia tu njo hana."

Sikumwambia kuhusu diski. Nilijiambia kwamba ni siri ya wazee. Ukweli ni kwamba niliogopa.


Ijumaa, tarehe 7 mwezi wa sita

Nimepanda Fizi kwa pikipiki, kwa mkutano wa machifu. Barabara mbaya, vumbi, vizuizi. Mkutano ulichelewa na haukuamua kitu. Habari itakuwa fupi.

Faida ya safari ni nyingine. Kuna mwalimu wa kompyuta wa sekondari pale Fizi ambaye mashine zake zote ni Linux, na hana mtandao wa maana. Nilimkuta darasani akifuta vumbi kibodi kwa brashi ya rangi. Nilipomweleza madai ya vifurushi alicheka mpaka akaketi.

"Muzee, Linux ni kama ndoa. Unaalika mutu mumoja, anakuja na ukoo muzima. Ukikatalia shangazi ku mulango, bwana arusi pia haingie."

Amewakusanya wote. Kwenye funguo yake ya USB, yaani flashi, kuna folda moja yenye VLC na ukoo wake wote, ya kuweka kwa amri moja. Akanipa. Akauliza nina nini cha maana hivyo cha kufungua. Nikasema sauti ya mwenzangu aliyekufa. Akaacha kucheka, akanifuata hadi kwenye pikipiki, akarudia ile amri polepole nisiisahau.


Jumamosi, tarehe 8 mwezi wa sita

Naandika jinsi ilivyokuwa. Sitaongeza.

Alasiri. Redio hewani, muziki tu, kutoka kwenye simu ya Neema iliyochomekwa kwenye meza ya sauti. Mimi niko kwenye kompyuta ya studio. Niliweka VLC kama mwalimu alivyosema. Ilikubali bila neno. Neema alitoka kutia mafuta kwenye jenereta. Kabla ya kutoka alikuwa amecheza tangazo kutoka kwenye kompyuta hii hii, na njia yake ya kwenda hewani kwenye meza ilikuwa bado imefunguliwa. Alipunguza muziki wa simu yake ili tangazo lisikike, akakusudia kurudi mara moja kuupandisha. Kila mtu wa redio anajua: kabla ya kujaribu kitu, unatazama meza. Nimewafundisha vijana sheria hiyo. Sikuitazama.

Nilibonyeza faili ya komunike.

"Hamjambo wasikilizaji. Leo asubuhi tunaanza na salamu kwa watu wa Swima. Ni mimi, Alimasi, niko pamoja nanyi."

Sauti safi. Hata pumzi yake. Akakohoa kidogo, akaomba radhi, akaendelea. Nilikaa nikamsikiliza. Nilifurahi. Lazima niandike hilo pia.

Halafu nikasikia kitu si sawa. Sauti ilikuwa inatoka pia nje, uani, kwenye redio ndogo ya mlinzi.

Niliruka, nikafunga njia. Mlinzi alikuwa tayari mlangoni, kofia mkononi, anatazama nyuma ya bega langu kumtafuta. Neema akaingia akikimbia, kidumu cha mafuta bado mkononi.

"Yaya Asukulu, kaka yangu, umefanya nini?"

Simu zikaanza. Lusenda kwenye kambi ya wakimbizi, Kazimia, hapa mjini. Wote swali moja: amerudi? Wengine hawakuuliza, walikuwa wanashukuru Mungu. Nilikwenda hewani nikasema ni rekodi ya zamani, ni kosa la studio, tunaomba msamaha. Nikarudia kila baada ya wimbo hadi tulipofunga.

Nilimpigia Mzee Wilondja. Mama alikwisha sikia. Jirani alikuwa na redio. Alisikia salamu kwa watu wa Swima na jina, akatoka mbio. Hakusubiri sehemu iliyobaki.

Kosa ni langu. Si la mashine, si la Neema.


Jumapili, tarehe 9 mwezi wa sita

Alifika asubuhi, watu wakielekea kanisani. Amevaa kikwembe, kitenge kipya. Kichwani sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alilala kwa ndugu yake njiani, akapika huko huko, na pale pia hakuna aliyethubutu kumwambia. Waliniachia mimi.

Hakusalimia.

"Iko wapi?"

"Mama, keti kwanza."

"Sikuje kukaa. Muite."

Neema akageukia ukuta. Nikamwambia ilikuwa mashine, mama, sauti ya zamani, tuliifungua kwa makosa.

"Mashini haiseme leo. Yeye alisema leo. Nilimusikia na masikio yangu."

Nikamketisha mbele ya kompyuta, nikahakikisha meza imefungwa, nikaicheza faili. Hamjambo wasikilizaji. Leo asubuhi. Alitabasamu, akatazama mlango wa chumba cha ndani. Alimasi akakohoa, akaomba radhi. Nikasimamisha. Nikarudisha mwanzo.

Hamjambo wasikilizaji. Leo asubuhi. Kikohozi, radhi. Tabasamu likabaki, lakini macho yaliacha mlango. Yakaja kwenye mashine.

"Rudisha."

Nikarudisha. Kilipokuja kikohozi mara hii alikuwa anakingojea. Aliinua mkono kabla hakijafika, na kilipofika aliushusha.

"Inatosha," alisema. "Mutu muzima hakohoake fasi moja mara tatu."

Nimeandika habari za mapigano, za wakimbizi, za boti. Sijawahi kumfanyia mtu jambo baya kuliko hilo. Lilikuwa la lazima. Bado ni baya.

Hakulia. Alifungua kitambaa. Bugali na samaki, mikeke ya kuchoma. Alimpikia. Alisema aliwaza kwamba huko alikotoka hawakumlisha vizuri. Nikajaribu kumwambia arudi nacho nyumbani.

"Kuleni. Chakula nilipikia mutoto hairudie ku nyumba."

Tukala, mimi na Neema na mlinzi, yeye akitutazama. Neema alikuwa anameza na machozi. Mama akamsogezea kipande kikubwa cha samaki, akamwambia, "Kula, binti, usinilalie njaa," kama vile tatizo la siku lilikuwa njaa ya Neema.

Samaki alikuwa mtamu. Alikuwa amepoa, lakini mtamu.

Akaosha sufuria yake bombani, akaondoka.


Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa sita

Mkurugenzi amesema wasikilizaji wanaomba ile sauti tena. Anafikiria kipindi cha kila wiki: Alimasi anatusemesha. Nikasema hapana. Akasema nifikirie. Nikasema nimekwisha fikiri.

Mzee Wilondja alipiga simu. Hakugombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema mama amefunga mlango, hauzi, hasemi. Alisema, "Tulitaka kumuita polepole. Wewe umemurushia jiwe."

Nina huzuni. Hakuna namna nyingine ya kuiandika.


Alhamisi, tarehe 13 mwezi wa sita

Mama Alimasi amekuja. Peke yake, kwa miguu, bila beseni. Nilikuwa mezani naandika habari ya shule. Alisimama mlangoni hadi nilipoinua kichwa.

"Andika."

Nikachukua kalamu. Sikuuliza nini.

Alinitajia familia kwa mpangilio wake. Wanaume kwanza, upande wa baba, Swima. Wajomba wa Kazimia. Shangazi aliyeolewa Fizi. Rafiki mmoja wa Alimasi aliye Lusenda kambini, Mrundi, si ndugu. "Muweke na yeye. Walikulaka sahani moja." Nilipomaliza alinitaka nisome. Alinirudisha mahali pawili. Jina moja nililitanguliza na lingine nililisahau, na jina likisahauliwa kwenye komunike ni ugomvi wa miaka.

Kisha akasogea karibu na meza.

"Sasa weka kwamba amekufa. Hiyo sikusema bado."

Nikaweka.

"Soma polepole. Bajomba yake, redio yabo inakatakata."

Nilimuuliza kama siku ya maziko bado anayataka yale wazee waliyopanga kuhusu sauti. Alinitazama kwa mshangao. Hakujua. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikamweleza yote, pamoja na ahadi yangu kwa Mzee. Nilitegemea hasira.

"Banaume," alisema. "Munafikiria mama analia na masikio."

Komunike ilisomwa jioni, kabla ya habari. Nimeisoma polepole. Neema alishika meza ya sauti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia mlango.


Jumamosi, tarehe 15 mwezi wa sita

Swima. Maziko.

Mzee Wilondja alinitaka nije na kompyuta yangu ndogo hata hivyo. Nimeweka VLC humo pia na kujaribu kila faili mara mbili nikiwa nimevaa kaske, visikilizio vya masikioni. WMA, AMR, hata zile video. Zote zinacheza. Nilibeba na spika iliyojaa umeme.

Mgomba ulikatwa kwa urefu wa mtu. Vijana walibishana kidogo kuhusu urefu, mpaka mama akaja, akaupima kwa mkono wake, akasema wapunguze. Alimasi hakuwa mrefu. Ukapunguzwa. Ukafungwa kwenye shuka, kisha kwenye mkeka. Wajomba walifika kutoka Kazimia kwa mtumbwi na waliposhuka hakusimama majini. Aliwangojea kwenye kiti, kama mfiwa.

Ulipoteremshwa ardhini alilia. Alianza chini chini, halafu hakukuwa na kitu kingine cha kusikia. Wanawake walimshika. Mrundi wa Lusenda alishika koleo na hakumpa mtu mwingine hadi udongo ulipokwisha.

Mzee alinitazama mara moja. Nikatikisa kichwa. Naye akatikisa.

Kompyuta haikutoka kwenye mfuko. Nilikuwa nimetafuta wiki nzima namna ya kuifanya iseme, na leo kazi yangu ilikuwa kuiacha inyamaze. Sikuona ugumu.

Habari ya maziko sikuiandika. Komunike ilitosha.


Jumatano, tarehe 17 mwezi wa saba

Siku ya soko. Vumbi jingi, ziwa tulivu. Habari za leo: malori, chanjo ya watoto, mechi ya Jumapili iliyoahirishwa.

Mama Alimasi alipita akitoka ufukweni. Beseni tupu, ameuza yote. Alimtania Neema kwamba amenenepa, ile mikeke haikupotea bure. Halafu akaniuliza kama ile mashine bado iko na mutoto yake.

Nikasema iko.

Hakutaka komunike. Alisema anataka kitu ambacho hakuna mtu anakufa ndani. Nikatafuta kwenye zile AMR za simu. Kuna moja ndefu ambayo Alimasi alisahau kuzima baada ya mechi. Anatembea tu, anaongea na watu njiani, anabishana kuhusu goli. Sijawahi kuisikiliza hadi mwisho. Nilitazama meza ya sauti. Imefungwa. Nikatazama tena. Nikamvalisha kaske, nikapunguza sauti, nikabonyeza, nikatoka.

Nilikaa barazani nikimalizia habari ya malori. Kupitia dirishani nilimwona, mikono imelala mapajani, macho kwenye mstari unaotembea.

Wakati mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa mkono.

Sijui ni wapi kwenye faili. Sikuuliza. Alipomaliza alivua kaske mwenyewe, akaiweka juu ya meza vizuri, akachukua beseni, akaniaga, akaenda kutafuta pikipiki ya Swima kabla jua halijashuka.